Mafua ya nguruwe: mara nyingi sisi ndio tunaowaambukiza wao

Mfugaji wa Vwawa (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Wiki hii umezunguka ujumbe wa sauti WhatsApp: "Homa ya nguruwe imerudi, acheni kitimoto, mtakufa." Nimeusikia kwenye makundi manne. Nimeona niandike kwa urefu, maana mimi mwenyewe nusura ujumbe wa namna hiyo unifilisi. Mwenye haraka apite, mwenye nguruwe bandani akae.

Nafuga huku Mbozi, majike sita, dume mmoja, na watoto kadiri wanavyozaliwa. Msimu wa mvua uliopita, asubuhi moja, nilikuta banda limelala. Nguruwe akisikia ndoo inagonga huwa anapiga kelele mpaka jirani anaamka, lakini siku hiyo hakuna aliyeinua hata pua. Macho yanatoka machozi, pua zinavuja, na ukimsimamisha mmoja anakohoa kikohozi kikavu kama mbwa anayebweka. Ndani ya siku mbili walikuwa wote, hakubaki hata mmoja. Jirani akasema, "Hiyo homa ya nguruwe, uza leo leo kabla hawajafa." Mnunuzi alifika kabla ya saa sita mchana na bei ambayo haikurudisha hata pumba walizokula. Nilikuwa nimeshakubali moyoni. Mke wangu ndiye aliyekataa, akasema tumwite kwanza bwana mifugo.

Bwana mifugo alipima joto, nyuzi 41. Akaangalia masikio, tumbo, akasikiliza pumzi zao. Halafu akaniuliza: "Nani hapa nyumbani alikuwa na mafua wiki iliyopita?"

Ni kijana wetu anayelisha. Alikuwa hoi siku tatu, na kwa kuwa ni mtu wa bidii hakukosa bandani hata siku moja. Alikuwa akipiga chafya juu ya hori.

Siku ya saba nguruwe wote walikuwa wima wanadai chakula. Jike mmoja alitupa mimba, na hiyo ndiyo hasara yangu yote. Tangu hapo nimekuwa nikisoma na kuuliza wataalamu, na kuna jambo moja ambalo halisemwi kabisa kwenye hizo sauti za WhatsApp: ugonjwa huu hutoka kwetu kwenda kwao mara nyingi kuliko unavyotoka kwao kuja kwetu.

Tuanze na jina, maana hapo ndipo tunapopotezana. Yapo magonjwa mawili. Moja ni homa ya nguruwe ya Afrika. Hili ni la kwetu kabisa. Daktari Montgomery alilieleza mara ya kwanza kutoka Kenya, kwenye maandishi yake ya mwaka 1921, na asili yake ni kwa ngiri na kupe wao. Likiingia bandani huua karibu wote, lakini binadamu halimpati hata akikumbatiana na nguruwe mgonjwa. La pili ni mafua ya nguruwe, yaani influenza, ndugu wa mafua yetu sisi. Hili huangusha banda zima na huua wachache sana, na hili ndilo linaloweza kuvuka kati ya mtu na nguruwe. Mwaka 2009, mafua ya aina hiyo yalipoenea dunia nzima kwa watu, redio zetu zilikuwa zikiliita "homa ya nguruwe" hilohilo la pili. Tangu hapo majina yamechanganyika, na mfugaji ndiye anayelipa. Likitokea hili la kuua nguruwe, watu wanaogopa kufa wao. Likitokea mafua tu, watu wanauza banda zima kwa hofu kwamba nguruwe wote watakufa.

Sasa historia, maana bila hiyo hamtaniamini.

Vuli ya mwaka 1918, homa kuu ya mafua ilipokuwa inaua watu kwa mamilioni dunia nzima, jimbo la Iowa huko Marekani nguruwe nao walianza kuugua. Daktari wa mifugo wa serikali aliyeitwa J. S. Koen, aliyekuwa akifanya kazi Fort Dodge, aliona nyumba ambazo watu walilala kwa mafua kisha nguruwe wakafuata, na nyingine nguruwe walitangulia. Akasema waziwazi kwamba haya ni mafua, na yanafanana mno na ya watu. Wafugaji na wenye viwanda vya nyama walimjia juu wakiogopa biashara itakufa. Hakurudi nyuma. Namheshimu sana mtu huyu.

Miaka kumi na kitu baadaye, mtafiti Richard Shope alikipata chenyewe kirusi kutoka kwa nguruwe wa Iowa na kutangaza matokeo yake mwaka 1931. Angalieni hapo: kirusi cha mafua ya nguruwe kilipatikana kabla ya kile cha binadamu, ambacho wenzake wa London walikipata mwaka 1933. Kisha Shope akachukua damu za watu. Damu ya watu wazima waliokuwapo 1918 ilikizuia kirusi cha nguruwe, maana miili yao ilishakutana na kitu cha aina ile. Damu ya watoto waliozaliwa baadaye haikukizuia. Nguruwe walikuwa wametunza ndani ya mapua yao kitu cha 1918 ambacho kwa watu kilikuwa kimeshageuka sura.

Nitaendelea kuhusu janga la mafua la 2009. Kama kuna swali, ulizeni.

---

Mama Neema

Kaka, asante, umeniandikia mimi kabisa. Wangu wanne wanakohoa tangu juzi na hawali. Nipo Mbalizi. Nimeambiwa niwachome OTC, ile sindano ya antibiotiki (oxytetracycline). Nitajuaje ni lipi kati ya hayo mawili? Nina jike mwenye mimba ya miezi miwili na sitaki kumpoteza.

---

Mfugaji wa Vwawa

Pole sana dada. Nakuambia nilivyofundishwa na bwana mifugo, lakini usiishie kwangu, mwite wa kwako leo.

Mafua hupiga wote kwa pamoja, ndani ya siku moja hadi tatu tangu kirusi kiingie. Homa kali, kikohozi cha kubweka, pua zinavuja, wanalala wamerundikana. Halafu siku ya tano hadi ya saba wanaanza kuinuka. Homa ya nguruwe ya Afrika nayo huanza kwa homa kali na kukataa chakula, ila tazama ngozi: masikio, tumbo na miguu huwa na wekundu au ubluu, wengine hutokwa damu puani au kuharisha damu, na vifo vinaanza kufuatana. Ukiona kifo cha kwanza cha ghafla usichinje, usiuze, usihamishe nguruwe hata kwa bodaboda. Toa taarifa. Macho peke yake hayatoshi, kipimo cha maabara ndicho kinachokata maneno.

Kuhusu OTC: hiyo ni ya bakteria, kirusi haikigusi. Bwana mifugo anaweza kuitoa akiona mapafu yameingiliwa na bakteria juu ya mafua, na hutokea, ila usijichomee tu. Wape maji safi muda wote, sakafu kavu, upepo baridi usiwapige, na usiwakimbize wala kuwahamisha. Jike wako mlaze peke yake pakavu, maana ile homa kali ndiyo inayotupa mimba.

Halafu nijibu kwa uaminifu: nani nyumbani ana mafua?

---

Mama Neema

Mwanangu wa kwanza. Amerudi likizo kutoka bweni Jumamosi, anakohoa. Ndiye amekuwa akiwalisha ili mimi nipumzike. Mungu wangu.

---

Baba Shamsa

Assalaam alaykum ndugu zangu. Mimi ni Mwislamu wa Tanga, sifugi wala sili, lakini uzi umenishika. Nakumbuka 2009 watu walisema Misri imeua nguruwe wote. Wengine tulifurahi, tukasema wamefanya la maana. Je, ilisaidia?

---

Mfugaji wa Vwawa

Waalaykum salaam shekhe, karibu sana. Swali lako ni zito na nalijibu kwa heshima.

Haikusaidia. Mwishoni mwa Aprili 2009 serikali ya Misri iliamuru nguruwe wote wa nchi wachinjwe, karibu 300,000. Wakati huo nchini mwao hapakuwa na mgonjwa hata mmoja wa homa ile, na mashirika ya kimataifa ya afya na ya mifugo yalisema wazi kwamba hatua hiyo haina msingi. Juni kirusi kikaingia Misri hivyohivyo, kwenye ndege, ndani ya mapafu ya abiria.

Lakini fikiria waliopoteza. Cairo kuna jamii iitwayo Zabbaleen, maana yake wazoa taka, wengi wao Wakristo wa Kikopti, wanaoishi chini ya mlima Mokattam. Kwa miongo mingi wao ndio waliokuwa wakizoa takataka za jiji nyumba kwa nyumba. Plastiki na karatasi wanauza, mabaki ya chakula wanalisha nguruwe, nguruwe wanalipia ada ya shule na dawa. Nguruwe walipoondoka, mabaki ya chakula hayakuwa na pa kwenda. Taka zililundikana mitaani hadi jiji zima likalalamika. Familia zile zilivunjiwa mtaji kwa siku chache, kwa ugonjwa ambao nguruwe wao hawakuwa nao. Kila nikisoma habari hiyo naikumbuka ile asubuhi, mnunuzi amesimama mlangoni kwangu.

Na huku kwetu? Mgonjwa wa kwanza kuthibitishwa Kenya, mwishoni mwa Juni 2009, alikuwa mwanafunzi kutoka Uingereza aliyekuwa Kisumu na wenzake. Hapo nguruwe hakuhusika kabisa.

---

Muuguzi wa Zamu

Mwanzisha uzi, nakupongeza, ila nina la kukurekebisha kabla watu hawajaondoka wakidhani nguruwe hana lolote. Nafanya kazi wodini na 2009 nilikuwapo.

Kile kirusi cha 2009 kilitoka kwa nguruwe. Kirusi cha mafua kina jeni zilizokatwa vipande vinane. Fikiria wachezaji wawili, kila mmoja ana karata nane, wakazimwaga kwenye mkeka mmoja: ukizikusanya upya unaweza kuokota nane ambazo hazijawahi kushikwa pamoja. Nguruwe ni huo mkeka. Njia yake ya hewa ina milango ya kirusi cha ndege na milango ya kirusi cha binadamu, hivyo vyote viwili vinaweza kuingia kwenye seli moja. Karata za 2009 zilihesabiwa: tatu ni za ukoo wa zamani wa nguruwe wa Marekani, mbili za nguruwe wa Ulaya na Asia, mbili asili yake ndege, moja asili yake binadamu. Utafiti wa 2016 ulifuatilia hadi kwa nguruwe wa Mexico ya kati, ambako koo hizo zilikutanishwa na biashara ya nguruwe hai kutoka nje.

Wagonjwa wa kwanza waligundulika California Aprili 2009. Juni 11 Shirika la Afya Duniani likatangaza janga la dunia, na likatangaza mwisho wake Agosti 10, 2010. Waliopimwa na kuthibitishwa kufa ni kama 18,500, lakini hao ni wale waliofikia kipimo. Makadirio ya baadaye yalisema kati ya 151,700 na 575,400 kwa mwaka wa kwanza, zaidi ya nusu wakiwa Afrika na Kusini Mashariki mwa Asia, na wanne kati ya kila watano walikuwa chini ya miaka 65. Wazee wengi walipona kwa sababu utotoni walishakutana na ukoo wa 1918. Tuliowalaza sisi walikuwa vijana, na wajawazito. Mjamzito anayehema kwa shida kwa mafua ni mgonjwa wa dharura. Tafadhali lishike hilo.

Na hata bila janga, nguruwe huambukiza watu mmojammoja. Mwaka 2012 Marekani walipata wagonjwa 309 wa aina moja ya mafua ya nguruwe iitwayo H3N2, wengi watoto, karibu wote walikuwa kwenye maonyesho ya mifugo, hasa Indiana na Ohio. Mama mmoja wa Ohio mwenye maradhi mengine alifariki. Kule watoto hushinda na nguruwe wao wa mashindano siku nzima, na nguruwe wengine walikuwa na kirusi bila hata kukohoa.

---

Mfugaji wa Vwawa

Dada Muuguzi, nimepokea, na naomba wasomaji wapandishe maneno yako juu ya yangu. Sikusema nguruwe hawezi kuambukiza mtu. Ninachong'ang'ania ni mwelekeo ambao hatuutazami.

Angalia karata zako mwenyewe. Zile tatu za ukoo wa zamani wa Marekani ndizo zilezile zilizoanzia 1918, zama za Koen. Tuliwapa sisi, wakakaa nazo miaka 90, zikaturudia.

Na baada ya 2009 tukawapa tena. Norway nguruwe wao hawakuwahi kuwa na mafua. Walikuwa wakipima kila mwaka na hakuna kitu. Oktoba 2009 wafanyakazi wa zizi moja waliugua, nguruwe wakafuata, na ndani ya mwaka mmoja na kitu zaidi ya theluthi moja ya mazizi yaliyopimwa yalikuwa yamepata. Hapakuwa na nguruwe aliyetoka nje kuleta, ni binadamu. Marekani nako watafiti walisoma jeni za virusi vya nguruwe tangu 2009 hadi 2021 na kuhesabu mara zipatazo 370 ambazo kirusi kile cha janga kilitoka kwa watu kuingia kwa nguruwe. Afrika hatukusalimika: Cameroon kaskazini walikikuta kwa nguruwe wa kienyeji wanaozurura.

---

Mwana wa Kiambu

Niaje watu wa Tanzania. Mimi nafanya kazi ya kuchinja hapa Kiambu. Watafiti walishakuja kwetu, wakatoa nguruwe damu na wakawapangusa pua na kijiti cha pamba. Walituambia hao nguruwe wameshapatana na flu ya watu. Sisi tulikuwa tunacheka, sasa hii uzi imenifanya nifikirie. Swali langu: nyama inaambukiza? Maana mimi nashika mapafu kila siku.

---

Muuguzi wa Zamu

Ndugu wa Kiambu, nyama iliyopikwa ikaiva haiambukizi. Nyuzi joto 70 zinakimaliza kirusi, na kitimoto ya kikaangoni inapita hapo mbali. Mafua haya yanaingia kwa pumzi, chafya, na mkono uliogusa kamasi kisha ukagusa jicho au pua. Kwa hiyo mlaji yuko salama, ila wewe unayepasua njia ya hewa ya nguruwe aliyekuwa na homa jana uko karibu zaidi. Barakoa unapofungua kifua, sabuni kabla ya kula, na usichinje mnyama anayekohoa, mwonyeshe mkaguzi. Ukipata homa siku chache baada ya kushika nguruwe wagonjwa, mwambie daktari hivyo kwa mdomo wako. Hatauliza mwenyewe. Dawa ya oseltamivir ipo na hufanya kazi vizuri ikianzwa ndani ya siku mbili.

---

Mkweli Mtupu

Mimi siamini haya mambo. Yalianzishwa ili wauze chanjo. 1976 Marekani walichanja watu kwa mafua ya nguruwe, watu wakapooza, na ugonjwa wenyewe haukuja.

---

Muuguzi wa Zamu

Kaka, ulilosema lina ukweli ndani yake na sitalificha. Februari 1976 kambi ya jeshi ya Fort Dix, New Jersey, askari kijana alikufa kwa kirusi cha ukoo wa nguruwe, na vipimo vilionyesha kimepita kwa wenzake wapatao 230. Kwa hofu ya kurudia 1918, serikali ya Rais Ford ikachanja zaidi ya watu milioni 40. Kirusi hakikutoka nje ya kambi. Na katika waliochanjwa, kama mmoja wa ziada kwa kila 100,000 alipata ugonjwa wa mishipa ya fahamu uitwao Guillain-Barré, unaolegeza misuli hata kupooza. Desemba mwaka huo wakasimamisha.

Mimi naisoma tofauti na wewe. Madhara yaliyompata mmoja kati ya laki yaligunduliwa, yakatangazwa, na kampeni ikasimamishwa mbele ya dunia nzima. Anayetaka kuficha hafanyi hivyo. Na 2009 kilikuja kweli. Nilifunga macho ya mama wa miaka 24 mwenye mimba ya miezi saba. Siwezi kukaa kimya mtu akiniambia hakikuja.

---

Mkweli Mtupu

Pole dada. Hilo sikulijua. Naondoa neno la "walianzisha".

---

Baba Shamsa

Mwenyezi Mungu amrehemu huyo mama. Na mimi nasema wazi: lile la kuifurahia Misri nimekosea.

---

Mfugaji wa Vwawa

Wengi mmeniuliza faragha tunafanyaje kwangu sasa. Mwenye mafua haingii bandani siku saba, hata kama ni mimi, hata kama ni siku ya kuhasi. Mke wangu anachukua zamu, naye akiugua tunamlipa kijana wa jirani. Mlangoni kuna ndoo ya maji, sabuni, na mabuti yanayobaki palepale. Bata niliwatoa. Walikuwa wanakunywa hori moja na nguruwe, na baada ya kusoma habari ya karata sikulala. Nguruwe mpya anakaa banda la peke yake wiki tatu. Mnunuzi anaangalia kutoka nje ya uzio, awe nani.

Gharama kubwa ilikuwa uzio wa bata. Mabuti nilikuwa nayo.

---

Mama Neema

Nimerudi kuwapa mrejesho, leo siku ya sita. Bwana mifugo alikuja siku ileile, akachukua kijiti cha pua na damu, akapeleka. Homa ya nguruwe ya Afrika haipo, wamenipigia jana. Watatu wamesimama, mmoja bado anakohoa usiku ila leo amelamba pumba. Jike mimba ipo, nimeweka mkono ubavuni asubuhi nikasikia wanacheza.

Mwanangu alilia nilipomweleza. Nimemwambia hakujua, na mimi sikujua. Amejiandikia kwa chaki kwenye mlango wa banda: "KAMA UNA MAFUA USIINGIE." Chini yake ameandika jina lake, na tarehe atakayoruhusiwa.